Jicho la Kulia

Kazi yangu ni kuuliza habari mbaya.
Wengine hapa huuliza, "Umepona?"
Mimi huuliza, "Kuna nini kimeharibika?"
na watu hunitazama kama niliyewaletea uchuro.

Chumba changu kiko nyuma ya maabara,
feni imebaki na panga mbili,
na mezani lipo daftari la jalada jeusi:
tarehe, namba, kiungo, kilichotokea,
nani kajulishwa, saa ngapi.
Jina la mtoaji halimo.
Mtoaji ni sifuri arobaini na moja,
namba isiyo na matanga
wala arobaini yake.

Jumanne akaja Bi Mwanahamisi Pazi wa Mbagala,
kiganja juu ya jicho la kushoto,
amechelewa siku nne.
"Nilidhani vumbi la Rangi Tatu," akasema,
"nikalinawa, nikalisamehe."
Daktari akawasha taa yake nyembamba.
Kwenye konea mpya, ya nyuzi kumi na sita,
doa jeupe lenye manyoya,
kama la mkate uliosahauliwa kabatini.
Kuvu.

Hapo ndipo zamu yangu huanza,
maana marehemu alikuwa na macho mawili.

Sifuri arobaini na moja, kulia:
Anyosisye Mwakibete, fundi cherehani,
Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo.
Kliniki ya mwezi wa tatu: hakuja.
Kliniki ya mwezi wa nne: hakuja.
Simu yake: haipatikani.
Simu ya mdogo wake inaita, inaita,
halafu sauti ya mtoto: "Baba anaoga."

Kati ya mlio na mlio
nilimwona mtu akiamka asubuhi
akikuta ule ukungu wa zamani umemrudia.
Nikamwona pia, nikiri, mkuu wangu
akikuna kidevu: "Na hili nalo lazima liandikwe?"
Wahenga walimsema mficha maradhi.
Mficha daftari hawakumjua.
Nikaandika, kwa wino mwekundu, saa nane na robo,
nikafunga mlango, nikaenda kwa miguu.

Nilimkuta kasimamisha sindano kwenye mwanga wa mlango,
uzi mweusi, tundu dogo kuliko samahani.
Akautia mara moja.
Akanigeukia kwa fahari ya mtoto:
"Umeona? Mwaka mzima nilimlipa kijana anitungie uzi!"
Na kliniki je, fundi?
"Jicho linaona. Mzima afuate nini hospitali?"
Nami nimesimama kati ya majora ya vitenge,
kitambulisho shingoni, ulimi mzito.

"Fundi, ndugu yako anaumwa."
"Ndugu yupi?"
Sheria inanikataza jina.
"Kuna mtu humu jijini
mlirithi naye kwa marehemu mmoja.
Fungu lake limeingia kuvu.
Nimekuja kuliangalia lako."

Akainua mguu kwenye pedali.
Akatazama sindano kitambo,
kama vile ndiyo iliyosema.
Nilitegemea aniulize, "Nitapofuka?"
Akauliza, "Na yeye, bado anaona?"

Taa nyembamba, kidevu juu ya chuma, usipepese.
Jicho lake safi, nyuzi zimetulia.
Tukachukua sampuli hata hivyo,
tukampa matone hata hivyo,
nikaandika: kulia, hakuna dalili, arudi Ijumaa.
Wodini, Bi Mwanahamisi anatiwa dawa kila saa,
usiku na mchana; mstari wake bado uko wazi,
sijui nitaufunga kwa neno gani.

Alhamisi, kabla sijavua viatu vya mvua,
simu ikalia. Namba isiyopatikana.
"Sista, yule ndugu yangu anaendeleaje?"
Nikameza jibu nisiloruhusiwa kulitoa,
nikashika kalamu.
"Na wewe, fundi, kuna nini kimeharibika?"
"Hakuna," akasema.
"Ila nimekesha,
nikilisikiliza jicho."